Majani Makubwa ya Buluu Chini ya Mwaloni

Akina mama wenzetu, wengi wenu mnayo ile sehemu ya uwanja isiyoota kitu. Labda ni nyuma ya jiko, labda ni chini ya mwembe, mahali ambapo jua halifiki na wanaopafurahia ni kuku peke yao. Sisi yetu ilikuwa upande wa kaskazini wa nyumba. Mwaka 2014 tulihamia katika kitongoji kilicho nje kidogo ya mji wa Saint Paul, jimboni Minnesota, Marekani. Huku jua halipiti utosini kama Dodoma au Mombasa, bali hupitia upande wa kusini, na ukuta wa kaskazini hukaa kivulini sehemu kubwa ya siku. Juu ya hayo palikuwa na mwaloni mkubwa uliotandaza matawi yake pote. Tulipanda mbegu za nyasi mara tatu, na mara tatu nyasi zikaota chache chache kama nywele za mtu aliyetoka kuugua homa ndefu, kisha zikafa. Baba watoto akasema tumwage kokoto, yaishe.

Aliyetuzuia ni jirani yetu, bibi mjane aliyekuwa na umri wa miaka 80 hivi, ambaye alituita kwenye uzio siku ile kokoto zilipokuwa zinapimwa. Upande wake kulikuwa na kivuli kile kile cha mwaloni ule ule. Lakini chini yake kulikuwa na majani mapana kama sinia, mazito, yenye vinyweleo vya mikunjo kama kitambaa kilichoshonewa mpira, na ya rangi ambayo hatukujua kuiita. Haikuwa kijani kamili wala buluu kamili, na juu yake palikuwa na unga unga kama ule wa zabibu nyeusi ambazo bado hazijaguswa na mkono. Fungu moja tu lilikuwa na upana wa zaidi ya mita moja na nusu.

"Hii ni hosta," akatuambia. "Marehemu mume wangu aliipanda mwaka tulioingia nyumba hii, 1983. Msimwage mawe. Njooni nitawaonyesha."

Mmea uliokuja na daktari

Hosta asili yake ni Japani, Korea na China. Wajapani huziita gibōshi, kwa kuwa kitumba cha ua lake hufanana na lile pambo la umbo la kitunguu wanaloliweka juu ya nguzo za madaraja yao. Machipukizi machanga ya baadhi ya aina huliwa huko kama mboga ya majira ya kuchipua, nayo huitwa urui. Walioifikisha Ulaya ni wengi, lakini anayekumbukwa zaidi ni daktari, jambo ambalo sisi wauguzi tulifurahi kulisikia. Huyo ni Philipp Franz von Siebold, Mjerumani aliyekuwa akitibu na kufundisha udaktari Nagasaki tangu 1823, hadi akafukuzwa nchini mwaka 1829 kwa kushukiwa ujasusi. Alirudi na mimea mingi, na hosta zikiwamo. Hosta kubwa za buluu nyingi leo ni wajukuu na vitukuu vya ile inayobeba jina lake, sieboldiana. Mwaka 1905 mkulima wa maua wa Ujerumani, Georg Arends, akatoa ile iitwayo 'Elegans', ambayo hadi leo haijazeeka machoni pa watu.

Huku Minnesota hosta ni kama mchicha kwetu. Hakuna mtaa usio nazo. Wamarekani wamekuwa na chama chao cha hosta tangu 1968, na aina zilizopewa majina ni maelfu. Usitishike na wingi huo. Anayetaka majani makubwa ya buluu atatosheka na chache. 'Elegans' tumekwisha kuitaja. 'Blue Angel' ndiyo kubwa kupita zote tulizonazo. Hufika karibu mita moja kwenda juu, na huhitaji nafasi ya mita moja na nusu au zaidi, kwa hiyo usiipande mlangoni ukidhani itabaki kama ilivyo kwenye kopo. 'Big Daddy' ina majani yaliyokunjamana kama bakuli, hushika maji ya mvua na takataka zote zinazoanguka kutoka mtini, na kwa maoni yetu si ya kupandwa chini ya mti unaodondosha maua. Mwenye nafasi ndogo atafute 'Halcyon', ambayo haifiki ukubwa wa hizo lakini hukaa na ubuluu wake muda mrefu zaidi kuliko dada zake.

Jambo moja tuliseme mapema kwa wasomaji walioko nyumbani Afrika Mashariki, ili mtu asipoteze fedha. Hosta inataka kulala. Kila mwaka majani yake yote hunyauka na kuoza, na kichwa chake hukaa ardhini wiki nyingi za baridi kali kabla ya kuamka. Isipopata baridi hiyo hudhoofika mwaka hadi mwaka hadi ikatoweka. Mama mkwe wetu alipotutembelea kutoka Marangu aliyatazama yale majani kwa muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, haya magimbi mnayapika lini?" Tulipomweleza kwamba hayapikwi, ni ya kutazamwa tu, alinyamaza kwa adabu. Lakini yeye ndiye aliyetufundisha zaidi. Katika kihamba chake, chini ya migomba, magimbi yamesimama kivulini miaka yote kwa sababu ya samadi na majani makavu yanayotandazwa kila mara, na alituambia kivuli hakiui mmea, kinachoua ni udongo mtupu. Aliye na kivuli Moshi, Njombe au Limuru na anataka majani makubwa, basi magimbi na majani ya kangaga yatampa mandhari ya namna hiyo hiyo bila kungoja theluji.

Rangi inayofutika kwa kidole

Hosta ya buluu kwa kweli si ya buluu. Jani lenyewe ni kijani, ila limefunikwa na utando mwembamba sana wa nta, na utando huo ndio unaorudisha mwanga kwa namna ambayo macho yetu huuona kama ubuluu. Sugua jani kwa kidole mara moja utaona alama ya kijani, nayo haitarudi hadi majani ya mwaka ujao. Binti yetu alipokuwa na miaka saba aliandika jina lake lote juu ya jani kubwa kuliko yote, na tukalisoma jina hilo tangu Juni hadi Septemba.

Ukishajua hilo, mengine yote yanaeleweka. Jua la mchana huyeyusha nta, kwa hiyo mahali pazuri ni pale panapopata jua la asubuhi, au mwanga unaochujwa na matawi, kisha kivuli kuanzia saa sita. Kivuli kizito kabisa nacho si kizuri. Mmea hautakufa, lakini utakua polepole mno. Maji ya kumwagwa kutoka juu hupukutisha nta, kwa hiyo mwagilia shinani, asubuhi. Dawa za wadudu zenye sabuni au mafuta huosha nta kama tunavyoosha masufuria. Na hata ukifanya yote sawasawa, kufikia Agosti hosta yako ya buluu itakuwa imegeuka kijani kwa sehemu kubwa. Hujakosea kitu. Wiki zake nzuri ni za Mei mwishoni na Juni, na mtu huzingojea.

Udongo uwe laini, wenye mboji nyingi. Chimba shimo pana kuliko kina, kwani mizizi ya hosta hutambaa kando. Chini ya mwaloni hakuna shida kubwa, bali chini ya baadhi ya miti, hasa ile mipo iliyojaa mitaani huku, mizizi ya mti imeenea juu juu na hunywa maji yote. Tuliwahi kuzipoteza mbili hivyo kabla hatujaelewa. Maji ya kiasi cha sentimita 2.5 kwa wiki, yawe ya mvua au ya ndoo, yanatosha. Matandazo ya majani makavu yatandazwe, lakini yasigusane na kichwa cha mmea, maana ndipo konokono wasio na gamba wanapojificha.

Hao konokono ndio wanaotoboa majani usiku hadi yakawa kama chujio. Hosta za buluu zina afadhali kwa kuwa majani yao ni manene, hata hivyo machipukizi machanga huliwa. Wenyeji wanatega vibakuli vya bia vilivyofukiwa hadi ukingoni, konokono hufuata harufu na kuzama. Tuliijaribu njia hiyo mwaka mmoja. Mtu wa kwanza tuliyekutana naye dukani, tukiwa na pakiti ya chupa sita mkononi, alikuwa Mama Mchungaji. Tangu hapo tunatumia chambo cha chengachenga chenye fosfati ya chuma. Kwa upande wa kulungu, yaani wale ayala wa kwenye Zaburi, hatuna la kusema isipokuwa kwamba huja usiku kutoka kwenye kijito na kwamba kwa usiku mmoja hukatika majani yote yakabaki vikonyo. Uzio ndio dawa. Mwenye mbwa au paka naye ajue kwamba hosta huwatapisha wanyama hao wakiila.

Zaidi ya yote ni subira. Hosta kubwa hukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kufikia umbo lake. Mwaka wa kwanza utaona majani madogo, laini, yasiyo na mikunjo, utadhani umeuziwa aina nyingine.

Kisu kimoja

Mwaka 2019 jirani yetu alihamia nyumba ya wazee, kilomita nane kutoka kwetu, na nyumba yake ikauzwa. Alitupa lile fungu lote la mumewe, kwa sharti moja, kwamba kipande kimoja tukakipande chini ya dirisha la chumba chake kipya. Alisema hana haja ya kingine cha nje, ila anataka akiamka aone majani yale.

Tulilichimba Jumamosi moja ya Mei, machipukizi yakiwa yamechomoza kama ncha za mikuki, ambao ndio wakati mzuri wa kugawanya. Kazi yenyewe si ngumu. Unazunguka fungu kwa sepeto, unalinyanyua, unatikisa udongo ili uone kichwa, kisha unakata kwa kisu kirefu chenye meno, kama kile cha mkate, ukihakikisha kila kipande kina macho mawili au matatu na mizizi yake. Siku hiyo hiyo tulikuwa tunaandaa mimea ya gulio la kanisani, na kabla ya lile fungu la buluu tulikuwa tumekata hosta moja ya njano tuliyoinunua kwa bei rahisi mwaka uliotangulia. Kisu kilikuwa kimoja. Kutoka kwenye la buluu tulipata kipande cha bibi, vipande vitatu vyetu, na makopo sita yaliyouzwa dola 12 kila moja kwa ajili ya safari ya vijana.

Juni 2020 ile hosta ya njano ikaanza kuonyesha alama za ajabu. Kando ya mishipa ya majani kijani kilikuwa kimesambaa kama wino juu ya karatasi iliyolowa, na sehemu nyingine za jani zikawa zimevimba. Mwanzoni tuliona kama pambo. Hata wauzaji wa mimea waliwahi kuona hivyo, maana hosta zenye alama za namna hiyo ziliwahi kupewa majina na kuuzwa kama aina mpya, hadi ilipojulikana kwamba ni ugonjwa. Unaitwa virusi X vya hosta, na waliovitambua, mwaka 1996, ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, hapa hapa jimboni kwetu. Hakuna dawa. Vinapita katika utomvu, kwa kisu, kwa sepeto, kwa mikono. Na mmea ulioambukizwa unaweza kukaa mwaka au zaidi bila kuonyesha lolote.

Wenzetu mnaofanya kazi wodini mtaelewa tulivyojisikia. Kazini hatumgusi mgonjwa wa pili kabla ya kunawa. Tunawafundisha wanafunzi jambo hilo siku yao ya kwanza. Na katika uwanja wetu wenyewe tulipitisha kisu kichafu ndani ya mmea wa miaka 36 ambao marehemu aliupanda kwa ajili ya mkewe, kisha tukaugawa kwa watu.

Baba watoto alisema tungoje. "Nani atajua? Bibi ana miaka 86 na wamefungiwa ndani kwa ajili ya korona. Mwache aone majani yake." Hakusema kwa ubaya. Tulizungumza hadi usiku, na asubuhi tukaanza kupiga simu.

Kati ya sita walionunua tuliwakumbuka watano. Wawili walicheka na kusema watautazama. Mmoja hakuelewa tunazungumzia nini. Dada mmoja alikasirika, na alikuwa na haki, kwa sababu alikuwa ameupanda katikati ya hosta zake 40 na alikuwa amekwisha kukata maua kwa mkasi ule ule. Aliuchimba jioni hiyo akautia kwenye taka. Wa tano alisema wake una alama. Wa sita hatujamjua hadi leo.

Kwa bibi tulikwenda wenyewe. Wageni hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo tulisimama nje ya dirisha tukiongea naye kwa simu huku tukitazamana kupitia kioo, na ile hosta ikiwa miguuni petu. Tulimweleza yote. Alinyamaza, kisha akauliza, "Inaonekana mgonjwa?" Tukamwambia bado. "Basi iacheni. Mkiona ni mgonjwa, mniambie kabla ya kuing'oa. Msiing'oe nikiwa nimelala."

Kuna kipimo kinachouzwa, kijikaratasi kinachofanana sana na kile cha haraka cha malaria au cha mimba. Unasaga kipande cha jani katika maji yake, unachovya, unangoja dakika chache. Mstari mmoja ni salama, miwili ni maambukizo. Juni 2021 tulipima. Hosta ya njano, miwili. Yule wa tano, miwili. Bila shaka kopo lake ndilo lililokatwa kwanza, kisu kikiwa bado na utomvu mwingi. Tulimrudishia dola zake 12 na kumchimbia wenyewe, mizizi yote, ndani ya mfuko wa plastiki, hadi kwenye pipa la taka wala si kwenye mboji. Mahali palipong'olewa hosta yenye ugonjwa hapapandwi hosta nyingine hadi mabaki yote ya mizizi yaoze kabisa. Vipande vyetu vitatu, mstari mmoja mmoja. Cha dirishani tulikipima mwisho, bibi akitazama kupitia kioo, na tukakiinua kijikaratasi ili aone. Mmoja.

Tangu hapo tunafanya kama wodini. Kisu na sepeto huoshwa kwa sabuni kwanza hadi utomvu wote uondoke, kisha huloweshwa katika maji yenye sehemu moja ya dawa ya klorini na sehemu tisa za maji, na hufanywa hivyo kila tunapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, siyo mwisho wa siku. Mikono nayo huoshwa. Gulio la kanisani sasa lina meza ya ndoo mbili, na wasaidizi wetu wanalalamika kwamba kazi inachelewa. Inachelewa kweli.

Bibi alifariki Februari 2022, ardhi ikiwa imeganda ngumu. Watoto wake walituambia ile hosta ni yetu, tukaichukue. Tulikwenda mwishoni mwa Mei na sepeto, ndoo na vijikaratasi, kwa kuwa virusi hivyo vinaweza kujificha na tulitaka kupima mara ya pili kabla ya kutia kisu. Ilikuwa imefika upana wa mita moja, buluu tupu, matone ya umande yamesimama juu ya nta bila kuenea. Mstari mmoja. Tulipoanza kuchimba, dirisha likagongwa kutoka ndani. Chumba kilikuwa na mkaaji mpya, mama mwembamba mwenye kitambaa kichwani, akauliza kwa ishara tunaipeleka wapi.

Tulikata robo moja, yenye macho manne. Iliyobaki tukaifukia tena pale pale, tukaimwagilia ndoo mbili.